Ndoo ya Tatu: Historia Fupi ya Harufu ya Nguo Newala na Masasi

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Agosti, nilikaa nyuma ya darasa moja wilayani Newala nikimkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kabla ya somo kuanza alimsimamisha mtoto mmoja, akamwamuru arudi nyumbani akafue sare yake kwa sababu inanuka. Darasa zima likacheka. Mtoto alikunja daftari lake, akatoka bila kusema neno. Harufu ile niliitambua mara moja, kwa kuwa nilikua nayo: ilikuwa ya salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho.

Baada ya kipindi nilimwuliza mwalimu yule kijana: akafue kwa maji gani? Alinyamaza. Nami sikumlaumu sana, maana hakuna mahali tulipomfundisha historia ya swali hilo. Naiandika hapa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wanaopelekwa kufanya kazi kusini.

Uwanda wa juu wa Makonde hupata mvua, lakini haukai na maji. Udongo wake wa kichanga huyanywa, nayo hujitokeza chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Mtu aliyeishi juu alilazimika kushuka mteremko mkali na kupanda tena na mzigo kichwani, na mtu huyo karibu daima alikuwa mwanamke. Kwa nini basi watu waliishi juu? Katika karne ya 19 mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa iliyoelekea Kilwa, na pia za mashambulizi ya Wangoni. Kituo cha Masasi, kilichoanzishwa na wamisionari wa UMCA mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, kilivamiwa mwaka 1882. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa ngome. Watu walichagua usalama, gharama yake ikawa maji.

Karl Weule, mtaalamu wa tamaduni kutoka Leipzig aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alinakili simulizi ya asili ya Wamakonde iliyokwisha kuandikwa na mmisionari kabla yake. Mtu wa kwanza, asiyeoga wala kunyoa, alichonga sanamu ya mti ikageuka mwanamke. Walishuka Ruvuma kuoga, na huko mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wa pili akazaliwa mfu katika bonde la Mbwemkuru. Wa tatu alizaliwa juu, Mahuta, akaishi. Ndipo wazao wakausiwa kujenga juu na kuyaepuka mabonde, penye maradhi na mauti. Simulizi hiyo imebeba hesabu niliyoitaja: maji yalikuwa chini, uhai ulikuwa juu.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi uwandani, na maji yakauzwa. Baada ya uhuru nchi iliweka lengo jipya: mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji safi karibu na kila kaya ya kijijini, bila malipo, na Finland ikasaidia mikoa ya Mtwara na Lindi. Kipindi kile kilipokwisha, lengo halikuwa limefikiwa, na sera ya maji ya mwaka 1991 ikarudisha uchangiaji wa gharama.

Wakati huohuo zao la korosho lilikuwa likipita katika balaa lake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kuhamishiwa watu vijijini na bei duni, lakini mojawapo ilikuwa ugonjwa wa ubwiriunga unaounguza maua ya mkorosho. Watafiti wa Naliendele walionyesha kuwa salfa huuzuia, na wakulima wakaipokea. Ndiyo iliyosaidia kulirudisha zao hili. Lakini hupulizwa wakati wa kuchipua na kutoa maua, yaani kiangazi, majira yaleyale ambayo maji huwa haba kuliko wakati wowote. Harufu iliyomfukuza mtoto yule darasani ilikuwa harufu ya ada yake ya shule.

Bibi yangu alijua kuikabili. Nguo ya kupulizia haikuruhusiwa kuingia ndani. Ilikung'utwa ikiwa kavu, mbali na nyumba, upepo ukiwa nyuma yake, kisha ikapigwa brashi kwenye mishono. Maana salfa haiyeyuki katika maji, na ukiilowesha kabla ya kuikung'uta unaitawanya tu. Haikuchanganywa na sare wala khanga. Ililowekwa usiku kucha katika maji ya majivu yaliyochujwa. Leo magadi hufanya kazi ileile, kwa kuwa hugeuza mafuta ya jasho kuwa kitu kinachotoka na maji. Asubuhi ilifuliwa kwa sabuni ya mche, ikasuuzwa, ikaanikwa juani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Pasi ya mkaa ilikatazwa mpaka harufu iishe, kwani salfa huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 115 na kuganda katika nyuzi za kitambaa. Mimi naongeza onyo moja la zama zetu: usichanganye dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na siki au ndimu, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Kazi hiyo ilidai ndoo tatu: ya kuloweka, ya kufulia na ya kusuuzia. Maji yalipopungua, ndoo ya tatu ndiyo iliyokatwa. Nguo isiyosuuzwa hubaki na mabaki ya sabuni, jasho na vijidudu vinavyoyala. Huonekana safi kwenye kamba, kisha hutoa uvundo mara ivaliwapo.

Sasa tupige hesabu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400. Kaya ya watu sita hupata lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Ndoo tatu za kufua ni mbili ya tano ya maji yote ya siku hiyo, na zinazosalia ni za kunywa, kupika, kuoga na kuosha vyombo. Hapo tumechukulia kwamba bomba linatoa. Linapokauka, mama anayekata ndoo ya tatu amefanya uamuzi wa busara, na mtoto wake ndiye anayeadhibiwa.

Mji wa Masasi leo unapata maji kutoka chemchemi za Mbwinji, na nimeona tofauti kwenye kamba za kuanikia. Ndugu zangu watumishi wa umma, mnapokagua usafi shuleni, anzeni na bomba la shule kabla ya kola ya mtoto. Mwalimu yule kijana alimfuata mtoto kwao jioni ile. Alimkuta bondeni na dumu.