Kibao cha Vibanio

Basi la kutoka Sumbawanga kwenda Mpanda, likishapita Kizi na kuiacha nyanda ya juu ya Ufipa, hufika Kibaoni. Tanzania ina Kibaoni nyingi, kwa kuwa njiapanda yoyote iliyowahi kusimikwa kibao cha kuelekeza wasafiri inaweza kujikuta imebaki na jina hilo hata kibao chenyewe kikishaliwa na mchwa. Kibaoni hii ya Mpimbwe, wilayani Mlele, inajulikana nje ya mkoa wa Katavi kwa sababu ndiko nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Ukiendelea na safari kuelekea kaskazini unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, eneo la kilomita za mraba 4,471, lenye mto Katuma na viboko wake wanaosongamana matopeni kila kiangazi.

Naanza na kibao kwa sababu historia ya ndege za rimoti nayo ina kibao chake.

Kwa miaka mingi ya karne iliyopita, wapenzi wa ndege hizi walipokutana kwenye kiwanja chao, iwe Uingereza au Marekani, walisimika ubao kabla hata ya kufungua masanduku. Juu ya ubao ziliandikwa namba za masafa ya redio, na kwenye kila namba kulibanwa kibanio, mara nyingi kibanio kilekile cha kuanikia nguo. Mtu akitaka kurusha, anachukua kibanio cha masafa yake na kukibana kwenye antena ya rimoti. Akishaitua ndege, anakirudisha. Asiye na kibanio mkononi hawashi redio, awe mgeni au mwenyekiti wa klabu.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Rimoti za wakati ule zilitumia masafa machache, kama megahezi 27, na baadaye 35 kwa Waingereza na 72 kwa Wamarekani, yaliyogawanywa katika vijinjia vyembamba. Ndani ya kila rimoti mlikuwa na kipande kidogo cha kristali kilichoishikilia kwenye kijinjia kimoja. Ukiwasha yako huku mwenzako yuko hewani kwenye kijinjia hichohicho, ndege yake inasikia sauti mbili kwa pamoja na haijui imtii nani. Sekunde chache baadaye kazi ya miezi mitatu ya gundi, mbao za balsa na karatasi imekuwa vijiti vya kuwashia moto. Ninavyoona mimi, mchezo huu ulidumu kwa sababu watu walikubali kuongozwa na kibanio cha nguo. Teknolojia yao ilikuwa dhaifu, kwa hiyo ilibidi waaminiane.

Na tuliite jambo hili hobi, maana neno limeshaingia vijiweni. Chimbuko lake la redio liko Kalamazoo, jimbo la Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1930. Mapacha wawili, Walter na William Good, waligawana kazi: Walter alijenga ndege, William akatengeneza redio. Ndege yao waliyoiita Guff ilikuwa na mabawa ya takriban mita 2.4 na ilibeba vali za kioo pamoja na betri nzito, vitu ambavyo leo ungevikuta ndani ya redio ya babu. Kilichogeuza mkia kilikuwa raba iliyosokotwa. Wimbi la redio likifika, kifyatuo kinaachia raba ijizungushe kidogo na usukani unageuka. Wimbi linalofuata linaugeuza tena. Katika mitambo ya aina hiyo rubani hakuwa na usukani wa kushika. Alikuwa na kitufe, na ilimpasa akumbuke kama mara iliyopita mkia ulikwenda kushoto au kulia. Akisahau, mti uliokuwa mbali unakuwa karibu. Guff ilishinda mashindano ya kitaifa ya Marekani zaidi ya mara moja, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya anga ya taifa hilo.

Vita havikuwa mbali na mchezo huu. Reginald Denny, mwigizaji wa filamu aliyetoka Uingereza na kufungua duka la ndege za mfano huko Hollywood, aliwauzia wanajeshi wa Marekani ndege za rimoti ziwe shabaha za kujifunzia kulenga. Kiwanda chake, Radioplane, kilitoa maelfu ya ndege hizo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 mpigapicha wa jeshi alimpiga picha msichana mmoja mfanyakazi wa hapo. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marilyn Monroe. Tuache hayo, yana wasimulizi wake wengi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mzee Maynard Hill. Mwaka 2003 alikuwa na umri wa miaka 77, macho yamekaribia kuzima na masikio hayasikii bila kifaa. Alitaka ndege ya mfano ivuke bahari ya Atlantiki. Sheria za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga zilisema ndege ya mfano isizidi kilo 5, mafuta yakiwemo. Kwa hiyo Hill, ambaye vidole vyake vilikuwa vimechukua kazi ya macho, alijenga kwa balsa ndege yenye mabawa ya mita 1.8 hivi na kuijaza mafuta ya taa za kambini, yale safi wanayotumia wasafiri wa porini. Zilizotangulia zilipotelea baharini. Tarehe 9 Agosti 2003 aliirusha nyingine kutoka Cape Spear, ncha ya mashariki ya Newfoundland nchini Kanada, kisha kifaa cha kujiongoza kwa setilaiti kikapokea kazi.

Huko Ireland rafiki yake Dave Brown alisubiri ufukweni na rimoti mkononi. Tarehe 11 ndege ilitokea, ikiwa imekaa hewani saa 38 na dakika 52 na kusafiri zaidi ya kilomita 3,000, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya safari ya basi kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam. Mafuta yaliyosalia yalikuwa ya kulamba tu. Eneo ilipotua haliko mbali na Clifden, ambako Alcock na Brown, binadamu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama, walitua mwaka 1919 na kujikuta wamekita pua kwenye tope.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Betri za lithiamu zilizokuwa zikiendesha simu za mkononi ziliondoa injini nyingi za mafuta. Povu jepesi, ndugu wa lile linalofungia televisheni dukani, likachukua nafasi ya balsa. Rimoti mpya za gigahezi 2.4 zikawa zinajitafutia zenyewe nafasi hewani, na ubao wa vibanio ukabebwa stoo. Mwaka 2007 mhariri wa jarida huko California, Chris Anderson, akicheza na watoto wake, alijaribu kuifundisha ndege ya mfano ijiongoze. Kijana mmoja kutoka Tijuana, Jordi Muñoz, naye alikuwa akifanya jambo lilelile kwa vipande alivyovibandua kutoka kwenye kifaa cha mchezo wa video. Kazi ya watu wa aina yao, iliyopewa jina la ArduPilot, iliachwa wazi: michoro na programu zake ni za yeyote, achukue, arekebishe, arudishe. Ule moyo wa kiwanjani, kwamba huwezi kurusha bila kumfikiria mwenzako, ulihamia kwenye programu.

Mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, wanasayansi wawili waliokuwa wakihangaika na orangutani wa Sumatra, Lian Pin Koh na Serge Wich, walichapisha taarifa ya jaribio lao. Walikuwa wamenunua ndege ya povu ya wanahobi, Bixler, yenye mabawa ya mita 1.4, wakaifunga ubongo wa ArduPilot na kamera ya kawaida. Gharama yote haikufika dola 2,000. Helikopta ya kukodi kwa sensa ya misitu ingekula fedha hizo kabla ya chakula cha mchana.

Afrika Mashariki ilipokea chombo hiki kikiwa tayari kimevaa nguo za kazi. Zanzibar, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA) walipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege za povu ziitwazo eBee, zenye uzito wa gramu 700 hivi. Unaishika mkononi, unaitikisa mara tatu kama anayeamsha chupa ya dawa, mota inawaka, unaiachia. Mwaka 2018 ndege ya Wingcopter ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40, wakati gari lingelazimika kuzunguka saa sita. Wizarani, hasa kwenye kilimo, wanaziita ndege nyuki. Katika mkoa wenye asali ya Inyonga, na kijiji cha Pinda, mwanasiasa ambaye hakuchoka kuwahimiza Watanzania wafuge nyuki, jina hilo haliwezi kupita bila watu kutabasamu.

Mchezo wenyewe haukupata mlango mpana. Kwa kanuni za mwaka 2018, mwenye kutaka kurusha chombo cha namna hii Tanzania lazima apate kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kabisa bila ruhusa ya hifadhi. Kijana wa Kibaoni, aliyezaliwa jirani na hifadhi, bado anakutana na anga kwa tiara ya mifuko na njiti za ufagio, au ndege ya mabua yenye pangaboi la jani, anayoikimbiza dhidi ya upepo.

Kuna ndege za rimoti zilizofika upande wake wa nchi, ila zilikuja kwa ajili ya sokwe. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Mpanda liko bonde la Issa, nchi ya miombo mikavu inayokatwa na misitu myembamba ya kandokando ya vijito. Robo tatu ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, wametawanyika katika eneo la magharibi linalozidi kilomita za mraba 20,000. Kumwona sokwe ni bahati. Ila kila jioni sokwe mkubwa hupanda mti, hukunja matawi ya majani chini yake na kujitandikia kiota kipya cha kulalia, na asubuhi hukiacha hapo. Kwa hiyo watafiti huhesabu viota.

Kati ya 2015 na 2016 timu ya watafiti, Serge Wich akiwa mmoja wao, ilijaribu ndege mbili za mabawa juu ya bonde hilo. Walipima vipande 22 vya ardhi, kila kimoja mita 50 kwa 500, kwenye miombo na kwenye misitu ya vijito. Watu walipita chini wakitazama juu. Ndege zilipita juu zikipiga picha. Kisha wakakaa kulinganisha, wakapima urefu wa kiota kutoka ardhini, rangi yake, aina ya uoto, majira ya mwaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadili matokeo kwa kiasi cha maana. Kilicholeta tofauti ni ukali wa picha peke yake: kamera ikiona vizuri, kiota kinaonekana, isipoona vizuri, kiota ni rundo la majani kama marundo mengine yote ya porini.

Wastani wa viota vilivyoonekana kutoka angani ulikuwa asilimia 10 ya vile vilivyohesabiwa kutoka chini. Vingine tisa katika kila kumi viliandikwa na mtu aliyetembea kwa miguu ndani ya miombo, shingo imekakamaa kwa kutazama matawini.