Beringi Zilizokuja na Shokapu Moja

Lucien Tilkens hakuwa mtengenezaji wa pikipiki. Alikuwa mhandisi na mwalimu wa chuo huko Liège, Ubelgiji, na mwanawe alishiriki motokrosi, mashindano ya pikipiki kwenye matuta na tope. Tilkens aliziondoa shokapu mbili za nyuma, akaweka moja ndefu iliyolala chini ya tangi la mafuta. Yamaha waliununua ubunifu huo, na mwaka 1973 Msweden Håkan Andersson akautumia kutwaa ubingwa wa dunia wa cc 250.

Mizizi ya ubunifu huo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1928 Mwingereza Philip Vincent alisajili hataza ya swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ya pembetatu yenye springi chini ya kiti, wakati ambapo pikipiki nyingi hazikuwa na springi yoyote kwenye gurudumu la nyuma. Mwendeshaji alikalia springi za kiti tu, na kila shimo lilimfikia kiunoni.

Kufikia 1981, Kawasaki, Honda na Suzuki walikuwa wameongeza vyuma vya kuunganisha swingamu na shokapu. Faida yake ni kubwa: shokapu huanza laini, kisha hukaza kadiri gurudumu linavyopanda. Lakini kila kiungo kilidai beringi, zenye rola nyembamba kama sindano.

Beringi hizo hazizunguki. Hupinduka kidogo tu, huku na huko, hivyo rola hugonga palepale maelfu ya mara na grisi husukumwa pembeni isirudi. Tena zimewekwa chini kabisa, mbele ya gurudumu, mahali pa tope. Maji ya presha ya kuoshea yakipenya sili, kutu huanza.

Ndiyo maana huhitaji kubadilishwa, na kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani. Jiliwa imara na soketi mbili zinatosha: ndogo isukume, kubwa ipokee. Beringi mpya ikilala kwenye friza, nayo nyumba yake ikipashwa moto kidogo, huingia bila kupigwa nyundo.

Pikipiki nyingi za bodaboda zimebaki na shokapu mbili zenye bushi za raba. Mwenye shokapu moja ya viungo aiinue pikipiki yake kwa stendi, kisha avute gurudumu la nyuma kwenda juu. Likicheza kabla shokapu haijasogea, beringi zimekwisha.