Bula Matari

Kibati, mashariki mwa Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, mawe hayatafutwi. Volkano iliyamwaga 1977, 2002 na 2021. Nyundo ndiyo huyageuza msingi wa nyumba. Kuvunja jiwe hapa ni kazi ya mkono.

Kwa Kikongo, lugha ya magharibi ya nchi, bula ni kuvunja na matadi ni mawe. Bandari ya Matadi inabeba neno hilohilo. Bula Matari, “mvunja mawe”, ndilo jina alilobandikwa mvumbuzi Henry Morton Stanley karibu na 1880, miamba ilipopasuliwa kupitisha barabara ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kando ya maporomoko ya mto Kongo.

Stanley alilisikia kama sifa. Wakongo wakalihamishia kwa serikali ya kikoloni yenyewe: mtoza kodi, askari, mpira uliovunwa kwa kulazimishwa, kiboko mgongoni. Bula Matari akawa dola.

Stanley alifariki London mwaka 1904. Kaburini kwake Pirbright, Uingereza, limesimamishwa jiwe kubwa lisilochongwa umbo. Chini ya jina lake limeandikwa: Bula Matari.