Wizi wa Dukani katika Nairobi: Njia za Mshtakiwa mbele ya Sheria

Wizi wa dukani ni kutwaa kwa hila bidhaa iliyowekwa kuuzwa, kwa azma ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Sheria ya Kenya haina kosa lenye jina hilo: anayekamatwa mlangoni mwa supamaketi katika barabara ya Moi, au huko Westlands, Kilimani na Lavington, aghalabu hushtakiwa kwa wizi wa kawaida kwa mujibu wa vifungu vya 268 na 275 vya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3, iwe kilichotwaliwa ni pakiti ya maziwa au chupa ya marashi.

Soja wa dukani hana mamlaka zaidi ya raia yeyote: aweza kumkamata mtuhumiwa, lakini imempasa kumkabidhi kwa polisi bila ya kukawia, wala hana idhini ya kumpiga au kumtoza faini. Akisha kufika kituoni, mtuhumiwa ana haki, kwa Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha aifahamuyo, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kazi inayofuata iwapo muda huo umekwisha mahakama zimefungwa, na kuachiliwa kwa dhamana ya masharti ya wastani, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Mashtaka ya katikati ya jiji husikizwa Milimani, na mengi ya upande wa magharibi husikizwa Kibera.

Kizimbani ndipo penye hatari, kwani wengi, kwa haya au kwa hamu ya kurudi nyumbani, hujibu upesi, “Ni kweli.” Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka bayana utaratibu wa kukiri: shtaka lielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya tukio na kupewa nafasi ya kuyapinga. Basi akisema, “Ni kweli nilitoka nayo, lakini nilikuwa nikisema kwa simu nikasahau kulipa,” hakukiri wizi, maana nia ndiyo roho ya kosa hili, na hakimu hana budi kuandika kwamba amekana.

Aliyekana haimlazimu kuthibitisha kwamba hana hatia. Dhima yote i juu ya upande wa mashtaka. Picha za kamera za dukani huhitaji cheti kilichotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na ushahidi ukiwa dhaifu hakimu humwachilia mshtakiwa kabla hajajitetea. Ukitosha, mshtakiwa huchagua kula kiapo na kuhojiwa, kusema bila ya kiapo, au kunyamaza.

Ipo pia njia ya sulhu: mwenye duka akisha kuridhika, aweza kuomba kuondoa malalamiko kwa kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai (Sura ya 75), na hakimu akikubali, mshtakiwa huachiliwa huru. Tangu 2008, mapatano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka pia yana nafasi katika sheria hiyo. Mtoto wa chini ya miaka 12 hana dhima ya jinai, na aliyezidi umri huo aweza kuepushwa na kesi kwa Sheria ya Watoto ya 2022.

Aliyetiwa hatiani hapelekwi jela kwa lazima. Hakimu aweza kumwachilia kwa sharti la mwenendo mwema, kumpa kifungo cha nje, au kumwamuru atumikie jamii kwa sheria ya 1998, iliyowekewa makosa ya kifungo kisichozidi miaka 3. Rufani hupelekwa Mahakama Kuu katika siku 14. Lakini aliyekiri huruhusiwa kulalamikia adhabu tu, si hatia yenyewe.