Kipuri Kilichofuliwa kwa Mkono na Suala la Uhalisi: Urejeshaji wa Magari ya Jeep ya Vita vya Pili vya Dunia

Utangulizi

Kati ya mwaka 1941 na 1945, viwanda vya Willys-Overland na Ford nchini Marekani viliunda takribani magari 640,000 ya kijeshi ya robo tani, ambayo yalikuja kujulikana duniani kote kwa jina la Jeep. Magari hayo yalibuniwa kwa haraka ya vita. Yalikusudiwa yatumike, yachakae, na nafasi yake ichukuliwe na mengine. Hata hivyo, idadi kubwa imesalia hadi leo katika makumbusho na mikononi mwa watu binafsi. Mengi kati ya hayo yanatembea kwa sababu mafundi wameyaundia upya vipuri ambavyo viwanda viliacha kuvitoa zamani. Bodi zimefuliwa upya, mabano yamekatwa upya, na vibao vya maelezo vimechorwa upya. Jambo hili linazua swali la kihistoria ambalo haliwezi kujibiwa na ufundi peke yake: gari ambalo sehemu zake nyingi zimeundwa miaka mingi baada ya vita ni ushahidi wa kitu gani?

Kuhusu swali hilo kuna misimamo miwili mikuu. Msimamo wa kwanza unashikilia kwamba kipuri kilichotoka kiwandani ndicho pekee chenye thamani ya kihistoria, na kwamba kilichoundwa baadaye ni cha kughushi hata kikiwa kizuri namna gani. Msimamo wa pili unadai kwamba, mradi kipuri kinalingana na mchoro wa awali kwa umbo na kipimo, asili yake haina umuhimu. Insha hii inajenga hoja kwamba misimamo yote miwili inapuuza historia ya gari lenyewe. Jeep lilikuwa kitu cha kunakiliwa tangu lilipozaliwa, na liliendelea kunakiliwa katika kila nchi lilikobaki. Kwa hiyo, kinachotenganisha urejeshaji na ughushi ni kiasi cha ushahidi wa zamani kilichohifadhiwa, pamoja na uwazi wa alama na kumbukumbu zinazoeleza kilichoongezwa.

Gari lililozaliwa kwa kunakiliwa

Mwezi Julai 1940, jeshi la Marekani lilizialika kampuni 135 zishindanie zabuni ya gari jepesi la upelelezi lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Masharti yalikuwa magumu: gari la kwanza la majaribio lilipaswa kukabidhiwa ndani ya siku 49. Kampuni ndogo ya American Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ilimwita mhandisi Karl Probst, naye akachora mpango wa gari hilo kwa siku chache tu. Gari lilifikishwa katika kambi ya Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba 1940, siku ya mwisho iliyowekwa.

Ushindi huo haukuinufaisha Bantam kwa muda mrefu. Jeshi liliona kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kuzalisha magari kwa wingi uliohitajika. Hivyo, Willys-Overland na Ford ziliruhusiwa kulichunguza gari la Bantam na michoro yake, kisha kila moja ikaleta gari lake la majaribio. Katikati ya mwaka 1941 Willys ndiyo iliyochaguliwa, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa injini yake yenye nguvu za farasi 60, iliyoboreshwa chini ya mhandisi Delmar Roos. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Ford nayo ilipewa mkataba wa kuunda magari kwa kufuata michoro ya Willys. Gari la Willys liliitwa MB, na la Ford likaitwa GPW, ambamo herufi ya mwisho iliashiria usanifu wa Willys.

Sharti la msingi lilikuwa kwamba vipuri vya MB na GPW viweze kubadilishana nafasi. Pamoja na hayo, kila kiwanda kiliacha mkono wake. Magari ya mwanzo ya Willys yalikuwa na wavu wa mbele ulioundwa kwa vipande vya chuma vilivyolehemiwa. Ford ilibuni wavu uliokandamizwa kutoka katika bati moja, uliokuwa mwepesi na rahisi kuzalisha, na Willys ikauiga mwaka 1942. Fremu ya Willys ilikuwa na bomba la mviringo mbele, ilhali ya Ford ilikuwa na mhimili wa mraba. Aidha, Ford iligonga herufi F katika vipuri vyake vingi, hata kwenye vichwa vya boliti. Tofauti ndogo kama hizi ndizo zinazomwezesha mtafiti kulisoma gari kama anavyosoma hati. Zinaonesha pia kwamba hata katika siku zake za kwanza, gari hilo halikuwa na asili moja. Lilikuwa wazo la kampuni moja, usanifu wa nyingine, na wavu wa kampuni ya tatu.

Maisha baada ya kiwanda

Historia ya gari la kijeshi haikomi langoni mwa kiwanda. Katika uwanja wa vita, kipuri kilichukuliwa palipopatikana: injini ya gari lililolipuliwa ilihamishiwa kwenye gari lililokosa injini, bila kujali kama moja lilitoka Willys na jingine Ford. Daftari la vipuri la jeshi la Marekani, lijulikanalo kama G-503, liliorodhesha namba za kampuni zote mbili kwa ajili ya gari lilelile. Kwa mtazamo wa jeshi, mchanganyiko huo haukuwa kasoro. Ulikuwa ndio lengo la usanifu.

Ufaransa inatoa mfano ulio wazi zaidi. Baada ya vita, jeshi la nchi hiyo lilikuwa na magari mengi ya Jeep yaliyoachwa na Wamarekani. Karakana ya kijeshi ya La Maltournée, karibu na Paris, iliyafungua, ikayasafisha na kuyaunda upya, huku sehemu za Willys na za Ford zikichanganywa kwa kufuata uzima wake na si nasaba yake. Baadaye kampuni ya Hotchkiss iliunda kwa leseni gari liitwalo M201, lililofanana sana na MB, na likazalishwa kwa idadi iliyozidi 27,000 hadi mwaka 1966. Vipuri vyake vingi vinaingia katika Jeep la vita. Kwa sababu hiyo, gari linalooneshwa leo likiwa na rangi ya mwaka 1944 huenda lina fremu ya Ford, injini ya Willys na sehemu kadhaa za Hotchkiss, wala hakuna mtu aliyekusudia kudanganya. Dhana ya gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani inaangukia magari machache sana. Kudai kwamba urejeshaji halali ni ule tu unaotumia vipuri vya kiwanda kimoja ni kulitaka gari liwe na historia ambayo halikuwahi kuwa nayo.

Ufilipino na ufundi wa bodi

Mahali ambapo ufuaji wa bodi za Jeep kwa mkono ulipata mizizi ya kina zaidi ni Ufilipino. Vita vilipokwisha, usafiri wa umma mjini Manila ulikuwa umeharibiwa, na majeshi ya Marekani yaliacha au kuuza magari mengi ya Jeep. Mafundi wa huko waliyarefusha kwa nyuma, wakaweka mabenchi mawili yanayotazamana, wakaongeza paa, na hivyo gari la kijeshi likageuka kuwa basi dogo la abiria liitwalo jeepney. Magari ya ziada ya jeshi yalipopungua, mafundi hawakuacha kazi. Walianza kuunda bodi nzima kutokana na mabati. Leonardo Sarao, aliyeanzisha karakana yake Las Piñas mwaka 1953, ni miongoni mwa waliopata umaarufu mkubwa katika kazi hiyo.

Nchi iliyokuwa imezoea kuliunda umbo la Jeep upya ilikuwa na kila sababu ya kulihudumia soko la warejeshaji. Leo kampuni ya Kifilipino ya MD Juan inatengeneza bodi kamili za kunakili za MB na GPW, na bodi hizo zimefungwa katika magari yaliyorejeshwa Ulaya na Marekani. Katika mzunguko huo, umbo lililotoka Marekani likiwa zana ya vita lilihifadhiwa Ufilipino na watu waliolihitaji kwa riziki, kisha likarudi ughaibuni likiwa kumbukumbu. Mhifadhi anayeiita bodi ya Ufilipino nakala tupu anaufuta mchango wa mafundi hao katika historia ya gari. Mmiliki anayeiuza kama bodi ya mwaka 1943 anaufuta vilevile.

Kazi ya mkono na mipaka yake

Ili kupima kipuri cha kuundwa kwa mkono kina thamani gani, ni lazima kuelewa jinsi gari linavyoharibika. Udhaifu mashuhuri wa Jeep uko chini ya sakafu. Mihimili ya bati iliyokunjwa ili kuitia sakafu nguvu ilijazwa vipande vya mbao. Mbao hizo zilinyonya maji na kuyashikilia, na chuma kikaliwa na kutu kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo, gari linaweza kuwa na mbavu zilizo nzima na sakafu iliyokwisha kabisa.

Fundi anayekabili hali hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua bodi kamili na kuiondoa ya zamani. Ya pili ni kukata sehemu iliyooza pekee, kupima kilichobaki, kutengeneza kielelezo cha mbao au chuma, na kufua bati jipya juu yake hadi lilingane na ukingo wa bati la zamani. Njia ya pili ni ya polepole na gharama yake ni kubwa. Lakini ndiyo inayookoa tabaka za rangi, namba za kikosi zilizofichwa chini yake, na viraka vilivyolehemiwa wakati gari lilipokuwa kazini. Vitu hivyo haviwezi kunakiliwa, kwa sababu havikuwa sehemu ya mchoro wowote. Kiraka cha mkono hufuata ukubwa wa jeraha, ilhali bodi nzima ya kununua huondoa kibovu na kizima kwa pamoja. Hapa ndipo msimamo wa pili uliotajwa katika utangulizi unaposhindwa: kulingana na mchoro hakutoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wa gari iko nje ya mchoro.

Kazi ya mkono nayo ina hatari zake. Kiwandani, mabati yaliunganishwa kwa kulehemu nuktanukta, ilhali fundi asiye na mashine hiyo huacha mstari mrefu wa ulehemu. Katika vipuri vya kusubu, chuma hunywea kinapopoa, kwa takribani asilimia moja kwa chuma cha kawaida cha kusubu. Mtu akitumia kipuri cha zamani kutengenezea kalibu ya mchanga bila kufidia unyweaji huo, kipuri kipya kitatoka kidogo kuliko cha kwanza. Kikitumiwa hicho kutengenezea kalibu nyingine, cha tatu kitakuwa kidogo zaidi. Kwa hiyo, ni muhimu kurudi kwenye michoro, kwenye miongozo ya jeshi kama TM 9-803 ya mwaka 1944, na kwenye kipuri cha asili kila inapowezekana. Nakala ya nakala hupoteza kipimo, na hupoteza kidogokidogo bila kuonekana.

Alama, kumbukumbu na ukweli

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliowekwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kale, unataka sehemu inayojaza pengo ipatane na kitu kizima, lakini iweze kutofautishwa na ya asili ili urejeshaji usiughushi ushahidi. Hati ya Torino ya shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, iliyopitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilileta fikra hiyo katika magari na kupendekeza kwamba sehemu zilizobadilishwa ziwekwe alama ya kudumu.

Pendekezo hilo linakinzana na mazoea ya warejeshaji wengi wa Jeep. Kwao, kilele cha ustadi ni kipuri kipya kisichotambulika, kikiwa na herufi F iliyogongwa upya na kibao kipya chenye tarehe ya zamani. Utetezi wao ni kwamba alama ya kisasa huharibu sura ya gari. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa macho, lakini alama haihitaji kukaa mahali pa kuonekana. Inaweza kugongwa upande wa ndani wa mhimili au chini ya sakafu, na kuambatana na daftari linaloeleza kila kilichobadilishwa, picha za kabla na za baada, na mahali kilipohifadhiwa kipande kilichoondolewa. Herufi F iliyogongwa leo bila alama nyingine ni jambo zito zaidi. Mtafiti wa kesho anayelinganisha magari ili kujua Ford ilibadilisha nini na lini atakuwa anahesabu kazi ya mafundi wa karne hii kana kwamba ni takwimu za vita.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba Jeep halikuwa na hali moja ya asili inayoweza kurudishwa. Lilinakiliwa baina ya kampuni, likachanganywa na majeshi, likaundwa upya Ufaransa, na likaendelezwa na mafundi wa Ufilipino. Kipuri kilichofuliwa kwa mkono ni sura halali ya historia hiyo ndefu, mradi hakijifanyi kuwa cha sura iliyotangulia. Inafuata kwamba mhifadhi anapaswa kupendelea kiraka kuliko bodi mpya pale chuma cha zamani kinapoweza kushika, kuunda kipuri kwa kufuata mchoro na kipimo badala ya nakala ya nakala, na kugonga tarehe ya kweli kwenye kila alichoongeza. Kazi ya fundi aliyefua sakafu ya Jeep katika karne hii nayo itakuwa siku moja sehemu ya historia ya gari hilo. Bila tarehe yake, itasomwa kuwa ya mtu mwingine na ya wakati mwingine.