Kipupwe na Mchumaji wa Karafuu

Kipupwe ndicho hicho kimeshaingia. Asubuhi hapa Kikwajuni utawaona watu wanangoja gari ya shamba, kanga mabegani, mikono kwapani. Mwengine hucheka: "Baridi gani hii ya Unguja?" Ni kweli, hatuna barafu kama ya Njombe. Lakini hebu leo tuitazame historia ya mkarafuu, tuone vipi baridi hii ndogo huweza kumwangusha mtu.

Mkarafuu ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa waliupeleka Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Wakati wa Sayyid Said bin Sultan mashamba yalienea, Mtoni na Kizimbani yakiwa miongoni mwa ya mwanzo. Kazi ya kupanda na kuchuma ilibebwa na watumwa. Mwenye shamba alihisabu miti na mavuno. Mgongo wa mchumaji haukuwa katika hesabu hiyo.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Basi tujue tabia ya mti huu: ni mrefu, lakini matawi yake hukatika upesi.

Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria, na wachumaji wakawa watu wa ujira, wakilipwa kwa pishi. Pishi ni vibaba vinne, na malipo ya pishi hayangoji umande ukauke. Anayechelewa kupanda hurudi na kidogo. Na msimu mkubwa mara nyingi huanza katikati ya mwaka, kipupwe kikiwa bado kipo na kusi inavuma.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi, eka tatu tatu. Msimu ukifika, wanafunzi na wafanyakazi wa mjini nao walipelekwa kuchuma. Jirani yangu mmoja hapa Kikwajuni, sasa mtu mzima, alikuwa miongoni mwao. Aliniambia alipanda asubuhi ya manyunyu, shati limerowa, anatetemeka, vidole vimekufa ganzi. Tawi likakatika, naye akavunjika mguu. "Pishi yangu ya siku ile sikuijaza," alisema. Kipupwe kikiingia, mguu ule humuuma mpaka leo.

Wakulima wenzangu, mwaona? Waliomiliki mashamba walibadilika, lakini haraka ya pishi ilibaki. Leo shamba ni lako, saa ya kupanda mtini unaipanga wewe. Basi usiirithi haraka ile.

Kwanza, ngoja jua lipande, umande ukauke. Gome lililorowa huteleza. Mvua ikianza, teremkeni.

Pili, vaa nguo kavu inayokaa mwilini, na chukua shati jengine ndani ya mfuko wa plastiki. Nguo iliyorowa ikipigwa na upepo hunyonya joto la mwili. Kanga au shuka iache chini, isije ikanasa kwenye tawi. Na usipande na njaa. Kunywa uji kwanza.

Tatu, jifunge kamba kwenye shina au tawi nene. Vitawi vyembamba vivute kwa kigoe, usivifuate. Usichume peke yako.

Nne, mtu akianguka, msimnyanyue kwa mikono na miguu. Huenda uti wa mgongo umeumia. Mwacheni alale, mfunikeni apate joto, mtafute msaada. Ikibidi kumbeba, mlazeni juu ya ubao bila kumpinda.

Na jioni, baridi ikizidi, msiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini.

Kama wewe ndiye unayelipa wachumaji, waambie tangu usiku kwamba kazi itaanza umande ukishakauka, na atakayengoja hatapoteza nafasi yake. Neno hilo halikugharimu kitu, nalo laweza kumrudisha mtu kwake mzima. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka. Tawi la mkarafuu huchipua tena. Mgongo wa mtu hauchipui.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.