Upepo wa 1872 Ulikuwa na Kasi Gani?

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Majahazi na merikebu zilizotia nanga bandarini zilizama au zilitupwa ufukoni, zikiwemo za Sultani Barghash bin Said, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili kitini. Mashambani, mikarafuu iliyopandwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa ililala chini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kitovu cha karafuu kikahamia huko.

Januari 1873 Sir Bartle Frere aliwasili kutoka Uingereza akitaka Sultani apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alijitetea kwa kimbunga: nchi imefilisika, itabebaje hasara nyingine? Utetezi haukufua dafu, na tarehe 5 Juni mkataba ukatiwa saini. Lakini tangu siku hizo ukubwa wa upepo ule umekuwa hoja ya siasa. Ukisoma maelezo ya maangamizi hayo, inafaa kujiuliza mwandishi alikuwa upande gani wa meza.

Je, tunaweza kuupima upya, bila Sultani wala Frere?

Nguvu ya kimbunga hutajwa kwa wastani wa kasi ya upepo. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, wastani huo ni wa dakika kumi, mita kumi juu ya ardhi, na ukifika kilomita 118 kwa saa dhoruba huitwa kimbunga kamili. Ila upepo hauji kwa wastani. Huja kwa mivumo ya ghafla, ya sekunde chache, nayo ndiyo ing'oayo paa. Baharini, mvumo mkali huuzidi wastani kwa takriban robo. Nchi kavu, penye miti na nyumba, huuzidi kwa nusu au zaidi, kwa sababu vizuizi hupunguza wastani na kuuvuruga upepo.

Chukua mfano. Kituo kimenasa mvumo wa kilomita 150 kwa saa. Kama kipo ufukweni na upepo umetoka baharini, wastani ulikuwa kama 120: kimbunga kamili. Kama upepo ulipita kwanza juu ya mashamba, wastani ulikuwa 100 tu, chini ya kiwango. Namba moja, hukumu mbili.

Mwaka 1872 hata namba hiyo moja ilikuwa ngumu kupatikana. Chombo cha vikombe vinavyozunguka, alichokibuni Thomas Romney Robinson mwaka 1846, kilifaa zaidi kuhesabu umbali uliopitwa na upepo kwa muda fulani, yaani wastani. Chombo cha William Henry Dines, kilichochora mivumo vizuri, kilikuja miaka ishirini baada ya kimbunga cha Unguja. Mashahidi tulionao ni miti.

Mti nao una mambo yake. Mimi ni mtu wa Rubafu, kando ya Ziwa Victoria, na kwetu kila mtu anajua kwamba mgomba wenye mkungu huangushwa na upepo ambao mwembe wa jirani hauusikii. Mgomba ulioanguka unaeleza habari za upepo, na vilevile habari za mzigo na udongo. Aprili ni masika. Mikarafuu ya Unguja ilisimama kwenye ardhi iliyolowa, na mizizi katika tope hushika kidogo. Zaidi ya hayo, mti huangushwa na mvumo. Hauna habari na dakika kumi. Kwa hiyo miti ya 1872 inatujibu swali la mvumo, ilhali sisi tunaiuliza wastani.

Rubafu iko karibu digrii moja kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo uwe kimbunga. Lakini mvua ya radi ikishuka ziwani usiku, mtumbwi wa dagaa hupinduliwa na mvumo mmoja. Wastani wa dakika kumi zile unaweza kusomeka kama usiku wa kawaida.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, nguvu zake baharini zilikadiriwa kwa picha za satelaiti, na kilidhoofika kilipofika nchi kavu. Tuna macho ambayo Barghash hakuwa nayo, ila kazi ya kugeuza mvumo kuwa wastani bado ipo, na bado inategemea kujua upepo ulipita wapi kabla ya kufika kwenye chombo.

Kuhusu 1872, naona jibu la haki ni hili: mivumo yake ilizidi uwezo wa mikarafuu iliyosimama kwenye udongo wa masika. Anayekipa kimbunga kile daraja kwa kuhesabu miti iliyolala anatoa namba ambayo miti haikuisema. Na anayetangaza utabiri kwa wavuvi wetu aanze na mvumo, kwa kuwa mtumbwi haungoji dakika kumi zitimie.